Kufundisha ushairi sekondari: sikio kwanza, istilahi baadaye

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu ni sehemu gani ya fasihi inayomtia hofu, na mara nyingi atakutajia ushairi kabla hujamaliza kuuliza. Mwanafunzi huyohuyo anajua nyimbo nzima za Bongo Fleva kwa ghibu, anaitikia taarabu harusini bila kukosea neno, na wakati wa mapumziko hushindana na wenzake kwa mistari ya kufokafoka. Vina anavisikia vizuri sana. Kinachomtisha ni namna tunavyomkutanisha na shairi: linaandikwa ubaoni na, kabla halijasikika hata mara moja, anatakiwa ataje bahari, yaani aina ya shairi kwa umbo lake, ahesabu mizani, aonyeshe inkisari na atambue toni.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, hasa anayeanza kidato cha kwanza au cha pili, ingawa mwalimu wa shule ya msingi atapata ya kuchukua. Msimamo wangu ni mmoja na nitaushikilia hadi mwisho: shairi lisikike, kisha lieleweke, kisha umbo lake lionekane, na istilahi zije kulipa jina jambo ambalo mwanafunzi amekwisha kuliona mwenyewe. Ukifuata mpangilio huo, shairi moja lahitaji vipindi vitatu vya dakika 40, ukibanwa, viwili. Afadhali mashairi manane yaliyosomwa hivyo kwa mwaka kuliko arobaini yaliyopitiwa mbiombio.

Kabla ya kuingia darasani

Chagua shairi fupi. Beti mbili hadi tano zinatosha kwa miezi ya mwanzo. Liwe na msemaji anayetambulika, yaani mtu anayelalamika, anayeonya, anayebembeleza au anayedhihaki, maana sauti ya mtu ndiyo inayowavuta vijana. Mashairi ya mawaidha ya jumla, yale ya "elimu ni ufunguo", yaweke kando kwanza. Si kwamba ni mabaya, ila mwanafunzi anajua yatakakoishia tangu mshororo wa kwanza, na hapo hakuna cha kugundua.

Lugha ya kale nayo isiwe mlango wa kuingilia. Mwanafunzi wa Kisii, Kitale au Mbeya akikutana na mato kwa maana ya macho, kitwa kwa kichwa na nti kwa nchi siku ya kwanza, atadhani ushairi ni lugha ya watu wengine. Mashairi ya Kimvita na Kiamu, lahaja za Mombasa na Lamu, ni hazina yetu na lazima wayafikie, lakini wayafikie katika muhula wa pili au wa tatu, wakiwa tayari wanaamini kwamba wanaweza kusoma shairi. Mwalimu wa Mombasa au Lamu ana bahati hapa: anaweza kuanzia hukohuko na kuwatuma wanafunzi kwa bibi zao.

Halafu lisome wewe mwenyewe kwa sauti, nyumbani, mpaka ujue mahali pa kupumua. Mwalimu anayejikwaa katikati ya mshororo analiua shairi mbele ya darasa zima. Kama una sauti ya kughani, ghani. Kama huna, soma kwa utulivu, ukipumzika kidogo mwisho wa kila kipande na zaidi kidogo mwisho wa mshororo.

Kwa mifano ya hapa chini nitatumia beti mbili nilizozitunga kwa ajili ya somo. Zitumie ukipenda.

Bomba nakukimbilia, ndoo yangu mkononi,
Foleni nimeingia, kungali giza mjini,
Mluzi wanipigia, upepo watoka ndani,
Bomba unanitania, maji umempa nani?

Kule juu kilimani, hata maua hunyweshwa,
Na magari ya uani, asubuhi yanaoshwa,
Sisi huku mabondeni, kusubiri twafundishwa,
Bomba unanitania, maji umempa nani?

Hatua ya kwanza: shairi lisikike

Waambie wafunge vitabu na kuweka kalamu chini. Soma shairi lote mara moja bila utangulizi, bila kutaja bahari, bila kusema linahusu nini. Kisha lisome tena. Safari hii, kila unapofika kwenye mshororo wa mwisho wa ubeti, nyamaza baada ya "Bomba unanitania" na uwaache wamalizie. Watamalizia. Hakuna aliyewaambia kwamba huo ni mshororo unaorudiwa, na tayari wamekamata kazi yake.

Mara ya tatu ligawe darasa. Upande wa kulia usome ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha kila mshororo. Upande wa kushoto ujibu kwa utao, kipande cha pili. Kibwagizo, ule mshororo unaorudiwa, kisomwe na wote. Hapa hapa makosa ya kusoma hujitokeza: mwingine anakimbia, mwingine anaburuta. Usiyasahihishe kwa maelezo. Soma tu kile kipande vizuri na uwaache wakurudie. Darasa la wanafunzi sitini lenye nakala moja ya kitabu linaweza kufanya kazi hii bila shida yoyote, mradi shairi liko ubaoni au kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani. Kwa kweli ushairi ni mojawapo ya masomo machache yanayonufaika na wingi wa watu darasani.

Mwachie mwanafunzi mmoja mmoja nafasi ya kughani kwa mahadhi anayoyajua. Wa Pwani atakuletea ya kaswida au taarabu, wa bara ataleta wimbo wa kanisani au wa jando, na mwingine ataweka mdundo wa kisasa kwa kugonga dawati. Yote yakubalike, kisha uliza swali moja: ni mahadhi yapi yanayolingana na hasira ya mtu huyu wa bomba? Swali hilo linawapeleka kwenye toni bila wao kujua kwamba wamefika huko. Shule inayoshiriki mashindano ya muziki na tamthilia inaweza kuwapata wakariri wake papo hapo.

Huko Tanzania, ngonjera, ambayo jina la Mathias Mnyampala haliwezi kutenganishwa nayo, imewazoesha watoto wa shule kukariri mashairi ya kujibizana mbele ya hadhara. Mwalimu asiidharau. Ina kasoro yake, kwamba mara nyingi maneno yameandikwa na mtu mzima ili kumsifu mgeni rasmi, lakini mtoto aliyesimama mbele ya mgeni huyo na kuimaliza ngonjera yake hataogopa tena kufungua kinywa darasani.

Hatua ya pili: nani anasema, na kumetokea nini

Sasa wafungue vitabu. Uliza maswali manne, kwa maneno ya kawaida kabisa: Nani anasema? Anamwambia nani? Yuko wapi na ni saa ngapi? Kumetokea nini hata akasema hivi?

Kwenye shairi la bomba, anayesema amebeba ndoo, amefika kabla hakujapambazuka, na analisemesha bomba. Wanafunzi watabishana kama ni mama, ni mtoto wa shule au ni mchuuzi wa maji. Waache wabishane, ila kila mmoja aonyeshe neno ndani ya shairi linalomuunga mkono. Akikosa neno, dai lake linaanguka. Zoezi hili dogo lina faida kubwa kuliko orodha yoyote ya istilahi, kwa sababu linamfundisha kijana kwamba maana ya shairi haitoki hewani wala kichwani mwa mwalimu.

Wakishamaliza, ndipo uandike ubaoni: anayesema ni nafsineni, anayeambiwa ni nafsinenewa. Dakika mbili tu. Sisitiza kwamba nafsineni si lazima awe mtunzi. Mwanamume anaweza kutunga shairi ambalo nafsineni wake ni bibi kizee, na mtihani hupenda kuwakamata hapo.

Baada ya hayo nenda kwenye maneno magumu, lakini wacha wao wakuulize. Ukianza wewe na orodha ya msamiati, utawaeleza wanayoyajua na kuyaacha yanayowatatiza. Kwa kila neno, mwambie mwanafunzi akisie kwanza kutokana na mistari ya jirani, kisha mfungue kamusi.

Kisha wahamishe kutoka maana ya juu hadi ya ndani kwa swali moja lililochaguliwa vizuri. Mimi ningeuliza: kwa nini mshairi amesema "kusubiri twafundishwa" na si "twasubiri" tu? Nani anayefundisha kusubiri? Hapo ndipo shairi linapoacha kuwa la bomba na kuwa la mji wenye mitaa miwili. Subiri jibu. Kimya cha nusu dakika darasani kinaonekana kirefu, na walimu wengi hukivunja kwa kujijibu wenyewe.

Hatua ya tatu: mizani kwa viganja

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo darasa linapopotea, na mara nyingi ni kwa kukosa kanuni moja ndogo iliyoelezwa vizuri.

Mizani ni idadi ya silabi. Andika kipande kimoja ubaoni, ukikitenga kwa vistari: Bo-mba na-ku-ki-mbi-li-a. Wapige kofi moja kwa kila silabi. Makofi manane. Kisha nenda kwenye utao: ndo-o ya-ngu m-ko-no-ni. Hapa darasa litagawanyika. Baadhi watapata saba kwa kuwa wamesema "mko" kwa kofi moja. Waulize: mbona ile m ya bomba haikupigiwa kofi na hii ya mkononi inapigiwa?

Kanuni yenyewe ni hii. M inayosimama kama kiambishi, kama ilivyo katika mkono, mtoto, mluzi na umempa, ina pumzi yake na inahesabiwa: m-lu-zi ni tatu, u-me-m-pa ni nne. Lakini sauti mb, mv, nd, ng, nj na nz zinapokuwa katika neno hutoka pamoja na kuhesabiwa pamoja na irabu inayofuata: bo-mba, nda-ni, ku-nga-li. Kisha kuna yale maneno mafupi yenye irabu moja, ambamo m au n ya mwanzo hubeba mizani yake: m-bwa, n-chi, n-ne, n-ta. Waandikie mvi na chumvi bega kwa bega. M-vi ni mizani mbili. Chu-mvi nayo ni mbili. Mwanafunzi akilielewa hilo, amelielewa jambo zima.

Mambo mawili yaliyobaki ni mepesi. Irabu zinazofuatana huhesabiwa kila moja peke yake: ndo-o, ma-u-a, ya-na-o-shwa. Konsonanti zinazofungana na w au y hazigawanywi: twa, shwa, nye ni mizani moja moja. Kwa maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili katikati, kama daftari na bustani, angalieni mshairi mwenyewe anavyoyahesabu katika mshororo ule. Mishororo ya jirani ndiyo itakayowaamulia.

Wakishapata 8 na 8, waulize jumla. Ni 16, kipimo kilichozoeleka zaidi cha shairi letu la mathnawi, yaani lenye vipande viwili kila mshororo. Vipimo vingine vipo na havina kosa lolote, mradi mshairi ameshikilia alichokianza.

Vina ni rahisi zaidi kwa sababu sikio limekwisha kufanya kazi hiyo. Kina ni silabi ya mwisho ya kipande. Ubeti wa kwanza una -a kwa vina vya ndani na -ni kwa vina vya nje, mishororo yote minne. Ubeti wa pili unaanza na -ni ndani na -shwa nje, kisha kibwagizo kinarudi na vina vyake vya -a na -ni. Wapake rangi: kalamu ya bluu kwa vina vya ndani, nyekundu kwa vya nje. Wanapoona vina vya rangi moja havifanani kutoka ubeti hadi ubeti, wape jina: ukaraguni. Siku nyingine, watakapopata shairi ambalo vina vyote vinafanana mwanzo hadi mwisho, wape jina la pili: mtiririko. Na vikifanana vya upande mmoja tu katika beti zote, ni ukara.

Istilahi: ngapi, na lini

Majina ya bahari yanakaririwa kwa urahisi mno na kusahauliwa kwa kasi ileile. Nashauri kidato cha kwanza na cha pili wapewe hizi tu: ubeti, mshororo, kipande pamoja na ukwapi na utao, mizani, vina, kibwagizo, tathlitha (ubeti wa mishororo mitatu), tarbia (minne), takhmisa (mitano) na utenzi. Pindu, sakarani, kikwamba, msuko na zilizobaki zije moja moja, kila moja ikiletwa na shairi lenye sifa hiyo. Msuko, kwa mfano, haueleweki kwa maelezo. Utaeleweka sekunde ile mwanafunzi atakaposoma na kuona mshororo wa mwisho umekatwa.

Mkanganyiko mmoja uuondoe mapema. Mshororo wa mwisho ukirudiwarudiwa katika beti zote huitwa kibwagizo, na wengine huuita kiitikio. Ukibadilika kila ubeti huitwa kiishio, au kimalizio. Vitabu havikubaliani sana katika majina, na wanafunzi hupigwa na butwaa wanapoona kitabu cha Kenya kinasema shairi la arudhi na cha Tanzania kinasema la kimapokeo. Waambie wazi kwamba ni jambo lile lile, wasonge mbele.

Uhuru wa mshairi nao ufundishwe kutokana na haja. Rudi kwenye "kusubiri twafundishwa" na mwambie mwanafunzi aliseme kwa mpangilio wa kawaida: twafundishwa kusubiri. Sasa kina cha nje kimekuwa -ri, na ubeti umevunjika. Kwa hiyo mshairi aliboronga sarufi kwa makusudi. Ukilifundisha hivyo, mwanafunzi akiulizwa mtihanini, hataandika tu "kuboronga sarufi". Atataja na sababu, na sababu ndiyo inayobeba alama. Vivyo hivyo kwa inkisari, mshairi anapofupisha neno ili mizani isizidi. Mazida, anaporefusha, kama afya kuwa afiya. Na tabdila, anapobadili sauti bila kubadili mizani, kama fikira kuwa fikara.

Lugha nathari

Swali la kuandika ubeti kwa lugha nathari, au tutumbi, yaani lugha ya kawaida ya maelezo, huwaangusha wengi kwa makosa mawili yanayopingana: mmoja anaandika maneno yaleyale ya shairi bila kukata mishororo, mwingine anatoa muhtasari wa sentensi moja. Wafanyie mfano mbele yao. Ubeti wa pili wa bomba unaweza kuwa hivi:

Wakazi wa kule mlimani wana maji tele, hata maua yao humwagiliwa na magari yao huoshwa kila asubuhi. Lakini sisi tunaoishi bondeni tunazoezwa kungoja tu. Msemaji analiona bomba kama linalomdhihaki, na analiuliza ni nani aliyepewa maji hayo.

Kila mshororo una mahali pake ndani ya maelezo hayo, hakuna kilichoongezwa kutoka nje, na mpangilio wa maneno ni wa mazungumzo. Wape ubeti wa kwanza waujaribu wawili wawili.

Mashairi huru yasiwe kiambatisho

Mjadala wa mashairi huru ulipopamba moto Tanzania katika miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake, yaani mkusanyiko wake wa mashairi, Kichomi mwaka 1974, washairi wa kimapokeo walisema kisicho na vina na mizani si shairi. Walikuwa na mwanachuoni wa kumtegemea: Sheikh Amri Abedi alikuwa ameandika sheria za kutunga mashairi tangu 1954. Wanafunzi wa leo wanaweza kuufufua mjadala huo darasani na kuufurahia. Ligawe darasa pande mbili, kila upande uje na shairi la kutetea hoja yake.

Ubaya ni kwamba shairi huru mara nyingi hufundishwa kwa kutaja lisichonacho: halina vina, halina mizani, halina idadi maalumu ya mishororo. Baada ya hapo mwanafunzi hana la kusema. Mfundishe kutazama mahali mstari unapokatwa. Andika ubaoni sentensi moja kavu: Mama hakuuza hata nyanya moja leo. Waambie waikate vile wapendavyo, kisha linganisheni.

Mama
hakuuza
hata nyanya moja
leo.

Mwingine ataweka "hata nyanya moja leo" pamoja. Uliza kinachobadilika neno "leo" linaposimama peke yake mwishoni. Watakuambia kwamba sasa siku ile inakuwa nzito, au kwamba inadokeza kuwa jana aliuza. Hiyo ndiyo kazi ya mshororo katika shairi huru: kugawa uzito na kimya.

Wala usiwaache wafikiri kwamba arudhi ni pingu zinazomzuia mtu kusema mambo makali. Abdilatif Abdalla alifungwa na serikali ya Kenya kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani, yaliyochapishwa 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, yamefuata vina na mizani. Ukiwasimulia hilo, kisha ukawapa moja ya mashairi hayo walisome kwa sauti, hawatauliza tena vina ni vya nini.

Kutunga: anza na utenzi

Mwanafunzi asiyewahi kutunga hata ubeti mmoja hawezi kujua kwa nini mshairi aliboronga sarufi. Kwa hiyo kutunga ni sehemu ya kusoma, wala si zawadi ya wale wenye kipaji.

Walimu wengi huwaanzishia tarbia ya mizani 16. Mimi nashauri utenzi. Mshororo wake ni mfupi, mizani 8 tu. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina kinachodumu katika utenzi mzima. Mwana Kupona alitumia umbo hilo mwaka 1858 kumwusia binti yake, na linawafaa vijana kwa sababu linabeba masimulizi. Mada iwe ya karibu: safari ya matatu, siku ya kufungua shule, chakula cha bweni.

Anzeni pamoja ubaoni. Mwambie mmoja atoe mshororo wowote wa mizani 8. Darasa lipige makofi kuhakikisha. Kisha kusanyeni maneno yote yanayoishia na silabi hiyo, hata yasiyohusiana na mada, yaandikwe pembeni mwa ubao. Hiyo ndiyo akiba yenu. Ndipo mtafute mshororo wa pili na wa tatu kutoka kwenye akiba hiyo. Beti mbili za namna hii zinaweza kupatikana katika kipindi kimoja:

Kengele ya saa sita,
Wenye njaa inaita,
Mlangoni tunapita,
Na sahani mikononi.

Maharagwe na mahindi,
Twayala makundi kundi,
Na mpishi kwa ufundi,
Chumvi katia mwishoni.

Tazama "katia" kwenye mshororo wa mwisho. Mtunzi alitaka kusema ametia, ikazidi mizani moja, akafupisha. Darasa lililofika hapo kwa jasho lake halihitaji tena kufafanuliwa inkisari.

Kipindi kinachofuata watunge wawili wawili, ubeti mmoja mmoja. Wawili ni bora kuliko mmoja kwa sababu mmoja atasoma na mwenzake atahesabu. Usiruhusu makundi ya sita. Wawili watatunga na wanne watatazama. Wakikwama, na watakwama, waambie waanze na mshororo wa mwisho. Tarbia nayo, mtakapoifikia, ianze na kibwagizo: wakipata kibwagizo kizuri, beti zitakuja kukitafuta.

Baada ya hapo fungueni uwanja wa malumbano. Darasa moja litunge ubeti wa kuwachokoza wenzao wa mkondo wa pili, nao wajibu kwa bahari ileile. Huu si mchezo wa kubuniwa juzi. Muyaka bin Haji alijulikana Mombasa karne ya 19 kwa mashairi ya kujibizana, na kurasa za mashairi za gazeti la Taifa Leo zimewapa washairi uwanja wa namna hiyo kwa miaka mingi. Weka sharti moja: hakuna kumdhihaki mtu kwa umbile lake, nyumbani kwao wala kabila lake.

Mtihani

Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yaani 102/3, ina alama 80, na ushairi unaweza kubeba 20 kati ya hizo kwa shairi ambalo mwanafunzi hajawahi kuliona. Tanzania, wanafunzi hujibu zaidi kutokana na diwani zilizoteuliwa. Kwa wote wawili, maandalizi bora ni kusoma shairi jipya mara kwa mara, na miezi mitatu ya mwisho iwe ya mashairi wasiyoyajua kabisa.

Wafundishe kusoma shairi mara mbili kabla ya kutazama swali, na mara moja baada ya kulisoma swali. Waelewe kwamba kila hoja ya umbo huja na ithibati: "Ni tarbia, kwa sababu kila ubeti una mishororo minne." Sehemu ya kwanza pekee haitoshi. Wakiulizwa toni, wataje neno moja la hisia, kama vile ya malalamiko, ya kejeli au ya uchungu, kisha wanukuu mshororo unaoonyesha. Na wakiulizwa kichwa mwafaka, kisizidi maneno matano au sita, wala kisiwe sentensi nzima.

Kusahihisha wanachotunga

Hapa kalamu nyekundu ipunguzwe. Kwa rasimu ya kwanza, weka alama tu pembeni mwa mshororo uliozidi au uliopungua mizani, bila kuurekebisha. Mwanafunzi aurekebishe mwenyewe. Kisha onyesha mshororo mmoja uliokugusa na useme kwa nini. Kuwa mkweli. Kijana anajua unapomsifu kwa kawaida tu, na anajua pia umesoma kweli unapotaja neno lake.

Jitayarishe kupokea mambo mazito. Mwanafunzi ambaye hajawahi kusema lolote kuhusu nyumbani kwao anaweza kuliandika ndani ya beti nne. Usilisome shairi la namna hiyo mbele ya wengine kabla hujamwita pembeni na kumwomba ruhusa. Na kama lina dalili ya mtoto kuumizwa, lipeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyohiyo. Mizani itasubiri.

Mashairi yaliyokamilika yanakiliwe kwenye daftari moja gumu la darasa, kila moja likiwa limehesabiwa na mwenzake na kutiwa sahihi na wote wawili. Daftari hilo libaki shuleni darasa linapohama. Januari, kidato cha pili kipya kianze na shairi kutoka humo, lililotungwa na mtu wanayemjua, aliye kidato cha tatu mlango wa pili, na ambaye anaweza kuitwa aje aulizwe kwa nini aliliboronga lile neno.